Maswali ya Wasomaji: Desibeli Tisa za Jirani

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wasiolala: wale wanaosikiliza bendi za chini za redio ya ridhaa, mita 2200 na mita 630 (ndio urefu wa mawimbi yake), halafu asubuhi wanalinganisha ripoti zao kama wavuvi wanaopimana samaki. Nami ni wa kundi hilo, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha. Barua nimezifupisha. Majina ya utani ni ya wenyewe.

Shikamoo Fundi. Mimi na rafiki yangu tumeanza kusikiliza WSPR kwenye mita 630. Nyumba zetu zimeachana kama kilomita sita. Usiku wa juzi tulisikia kituo kimoja, dakika zilezile. Yeye kapata −14, mimi −23. Yeye ana antena ya kijiti isiyofika hata urefu wa mkono, imesimama uani. Mimi nina kitanzi cha waya cha mita moja na nusu, nilichokisuka wiki nzima, kiko varandani. Nimebadili kebo, nimebadili redio, namba ni zilezile. Mwenzangu anasema kipokezi changu kimekufa. Kweli antena yake inanizidi desibeli 9?
*Mwenye Kitanzi*

Marahaba, mwanangu. Kipokezi hakina kosa, na laiti ungeniandikia kabla ya kununua kebo.

Kwa wageni wa safu hii: WSPR ni mfumo wa ishara dhaifu uliotungwa na Joe Taylor wa Marekani mwaka 2008. Jina lake hutamkwa kama neno la Kiingereza la kunong'ona, na mnong'ono ndio hasa. Kituo kinatumia sekunde 110 na ushei kutaja mambo matatu tu: alama yake ya kujitambulisha, gridi (herufi na namba za eneo) ya mahali kilipo na nguvu kinayorushia. Taylor huyuhuyu alipata Nobeli ya fizikia mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse, kwa pulsa yenye mwenzake waliyoigundua mwaka 1974. Mtu aliyezoea kuchambua mapigo ya nyota zilizokufa hawezi kushindwa na mita 630.

Sasa hiyo −23. Ni sehemu, kama zile za shule ya msingi: juu ishara, chini kelele, ikiandikwa kwa desibeli, ambapo kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Programu haijui ishara imefika kwako na nguvu kiasi gani. Inachojua ni kwamba imezidiwa kiasi gani na kelele za hapo ulipo. Na kelele hizo inazihesabu kwenye upana wa hezi 2500, upana wa sauti ya mtu anayezungumza redioni, ilhali ishara ya WSPR yenyewe ina upana wa hezi 6 tu. Gawa 2500 kwa 6 utapata kama 417, yaani desibeli 26. Ndiyo maana namba zetu karibu zote ni hasi na hakuna haja ya kuzionea haya. Ukisoma −23, ndani ya kichochoro chake chembamba ile ishara iko juu ya kelele kwa desibeli kama tatu.

Ukishaliona hilo, swali la antena linabadilika. Kwenye masafa haya ya chini, kelele zinazoingia kutoka nje, za radi na za vyombo vya umeme, ni kubwa kuliko kelele za ndani ya redio karibu siku zote. Antena kubwa ikileta ishara mara mbili, inaleta na kelele mara mbili. Sehemu haibadiliki. Ndiyo sababu kijiti cha mkono mmoja kinaweza kwenda sambamba na mlingoti wa mita ishirini bila aibu yoyote. Jipime hivi: chomoa antena huku ukitazama kiwango cha kelele kwenye skrini. Kikishuka kwa desibeli 10 au zaidi, antena yako inatosha, na kuongeza kikuza mawimbi au waya zaidi ni kujichosha. Naweka dau kwamba chako kitashuka zaidi ya hapo, kwa sababu kitanzi chako kinakula kelele za nyumba nzima pale varandani.

Najua kwa sababu yalinipata. Kwa karibu miaka miwili kulikuwa na mwenzangu aliyenizidi desibeli 7 kila usiku, bila kukosa. Nilijenga vitanzi vitatu. Nililaumu vilima. Nilimlaumu jirani, maana yeye ana taa nyingi za LED, na kwa muda nilikuwa nasalimiana naye kwa mkato. Usiku mmoja nilichukua redio ndogo ya mfukoni, nikaiweka mwisho kabisa wa chini wa bendi ya kati, pasipo na stesheni, nikaanza kuzunguka nyumba yangu gizani nimeishika sikioni. Sebuleni ilikuwa inakwaruza kawaida. Jikoni vilevile. Nilipofika karibu na kabati la vitabu ikaanza kulia kama nyuki aliyefungiwa chupani. Nilisogeza kabati. Nyuma yake, kwenye soketi ambayo nilishasahau kwamba ipo, palikuwa na chaja ya mashine ya kunyolea. Mashine yenyewe ilishakufa zamani. Chaja ilikuwa ya moto kidogo, waya wake unaning'inia hauna kitu, na ilikuwa inafanya kazi yake usiku na mchana ya kumwaga takataka kwenye mita 630.

Kwenye skrini nilikuwa nimeiona siku zote: utepe wenye ukungu, mpana, ulioinama taratibu upande mmoja kadiri usiku ulivyopoa. Nilidhani ni anga. Anga haifanyi hivyo. Kitu kinachoinama polepole na kurudi kila joto la chumba linapobadilika ni adapta ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ni wewe. Nilipoichomoa, kituo kilichokuwa kinakuja kwa −22 kikaja kwa −15 kwenye zamu yake iliyofuata. Kesho yake nilimsalimia jirani vizuri.

Kwa hiyo zima meini swichi, endesha redio na kompyuta ndogo kwa betri, na utazame kelele. Zikishuka, washa chumba kimoja kimoja. Ukimaliza nyumba, kagua kebo ya antena. Utando wake wa nje hubeba kelele za ndani hadi kwenye antena hata kama antena iko mbali, kwa hiyo izungushe kebo mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, na uipe arthi yake nje, isitegemee ya nyumba. Rafiki yako ana bahati kwamba kijiti chake kiko uani. Angekiweka varandani, kijiti kingelia kuliko kitanzi, maana vijiti hunasa uga wa umeme, na kelele za majumbani zimejaa huo.

Halafu zungusha kitanzi, lakini usikielekeze kwenye kituo unachokitaka. Kielekeze ili kisisikie kile kinachokusumbua. Ukikikosesha kituo kwa nyuzi 30 unapoteza desibeli moja na kidogo tu, ila ule upande kiziwi wa kitanzi ni mwembamba na mkali. Nyuzi tano zinaweza kuwa tofauti kati ya kelele na ukimya. Kizungushe taratibu, kwa vidole, macho kwenye skrini.

Ukishafanya yote hayo na bado mnabishana, mwisho wa ubishi ni huu: beba kitanzi, redio na betri, nenda ukakae uani kwa rafiki yako. Kitanzi kikipata −14 kule, hamna tena cha kujadili kuhusu antena.

Fundi, naomba uamuzi. Mimi na jirani tulisikiliza kituo kimoja usiku kucha kwenye mita 630, kila mtu na mtambo wake. Mimi nilikipata mara 52, yeye mara 17. Lakini tulipopiga wastani wa ripoti, wake ni −24 na wangu ni −24. Yeye anasema tuko sawa, mimi nimejaza tu daftari. Tumeambatanisha mafaili yote mawili.
*Hesabu Hazidanganyi*

Hesabu hazidanganyi, ila wastani unadanganya sana, na barua yako imenifurahisha kuliko zote za mwezi huu.

Nimekaa na mafaili yenu jioni nzima. Jambo la kwanza nililofanya ni kuziacha zile dakika zote ambazo mmoja wenu hakusikia kitu. Zilibaki dakika 17 mlizosikia wote wawili. Humo, wastani wa jirani ni −24 uleule. Wako ni −17. Mmeachana kwa desibeli 7, na desibeli 7 ni nguvu mara tano.

Zilijificha wapi? WSPR ina sakafu: ishara ikishuka chini ya −30 hivi, programu inakaa kimya. Haiandiki "nimepata −36". Haiandiki chochote. Kituo kilipokuwa kinapanda na kushuka usiku ule, jirani alikisikia kwenye vilele tu, na vilele vyake ndivyo vilivyoingia kwenye wastani. Mabonde yake hayako kwenye faili lolote. Wewe uliyeweza kusikia hadi mabondeni ukaziokota zile dakika 35 za ziada kwa −26, −28, −29, nazo zikauvuta wastani wako chini. Umeadhibiwa kwa kusikia vizuri. Ni sawa na wanafunzi wawili: mmoja anafanya mitihani yote, mwingine anakuja siku za mitihani rahisi tu, halafu mwalimu anapiga wastani.

Kwa hiyo sheria yangu, na nimeibandika ukutani juu ya meza: linganisha dakika na dakika. Ripoti yangu ya saa fulani na dakika fulani, toa ripoti yake ya dakika hiyohiyo, kituo hichohicho. Panga tofauti hizo kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati. Wastani wa tofauti nao unafaa, ila dakika moja ya radi inaweza kuuharibu, ilhali namba ya katikati haitikisiki. Pamoja na hayo andika idadi: nani kasikia ngapi kati ya ngapi zilizorushwa. Hiyo 52 dhidi ya 17 ilikuwa inawapigia kelele tangu mwanzo.

Na hata hizo desibeli 7 zimempendelea jirani kidogo, maana zimechaguliwa kutoka dakika zake nzuri. Usimwambie yote kwa siku moja.

Mzee wangu, niliinua waya za juu za antena yangu ya kurushia mwanzoni mwa mwezi. Mwezi uliopita kituo kimoja cha mbali kilinipa −27 hadi −24. Mwezi huu ananipa −20. Naweza kuandika kwamba nimepata desibeli 5?
*Mpandaji*

Ungeweza kama mbingu nazo zingekuwa zimekaa zinakungoja. Mwezi mmoja kwenye bendi hizi ni mambo mengi. Msimu wa radi ukiisha upande wa msikilizaji, sakafu yake ya kelele inashuka na vituo vyote vinapanda kwake, wewe ukiwemo, hata kama hujagusa waya. Dhoruba ya sumaku ya dunia ikipita, njia ya usiku inaweza kudhoofika kwa siku kadhaa kisha irudi. Mchana tabaka la D, lile la chini kabisa katika anga yenye chaji ya umeme, hunyonya mawimbi ya angani, kwa hiyo tofauti ya saa moja tu kuzunguka machweo inatosha kukupa hizo tano zako.

Mimi niliwahi kutangaza kitanzi kipya kwa marafiki wote, kwa furaha kabisa, kumbe kilichobadilika ni kwamba mvua zilikuwa zimekatika. Walinikumbusha kwa muda mrefu.

Tafuta mwenzako mmoja wa karibu anayerusha kwenye bendi hiyohiyo ambaye hakubadilisha kitu. Chukua msikilizaji yuleyule wa mbali. Kila usiku andika alikupa ngapi wewe na akampa ngapi yule mwenzako. Mwezi uliopita tofauti yenu ilikuwa ngapi, mwezi huu ni ngapi? Mabadiliko ya tofauti hiyo ndiyo ya waya zako. Mengine ni ya mbingu na ya msikilizaji, na yeye pia huenda amehamisha chaja yake ya mashine ya kunyolea.

Kama huna mwenzako wa kukusindikiza, tumia mchana. Pata msikilizaji aliye kilomita makumi kadhaa tu, ambaye saa sita za mchana anakusikia kwa mawimbi yanayotambaa ardhini. Hayo hayayumbi kama ya angani. Akikupa −12 leo, kesho atakupa −12 au −13, na ukiongeza desibeli mbili za kweli utaziona. Usiku, kwa msikilizaji aliye kilomita mia kadhaa, mawimbi ya ardhini na ya angani hufika pamoja yakapigana. Dakika moja yanaongezana, nyingine yanafutana. Hapo usipime kitu.

Fundi habari. Narusha kwa wati 100 kwenye mita 2200, na kwenye programu nimeandika nguvu 50 dBm, maana wati 100 ni 50 dBm. Mtu mmoja kaniandikia kwamba navunja sheria na naharibu takwimu za wenzangu. Nimekosea wapi? Nina mlingoti wa mita 15 na waya za juu.
*Wati Mia*

Njema. Hesabu yako ya dBm, yaani desibeli juu ya miliwati moja, ni sahihi, na mtambo wako kweli unatoa wati 100. Antena yako hairushi hata moja.

Tupige hesabu pamoja. Kwenye kilohezi 137 urefu wa wimbi ni kama mita 2190. Mlingoti wako wa mita 15 mbele ya wimbi hilo ni kama sindano mbele ya mnazi. Ukinzani wa urushaji wa antena fupi hivyo, waya za juu zikiwa zinasaidia vizuri, ni kama omu 0.05. Ukinzani wa ardhi na wa koili yako ni makumi ya omu. Tuseme 60 kwa jumla. Wati 100 kwenye omu 60 ni mkondo wa ampea 1.3 hivi. Ampea hizo zikijizidisha zenyewe, mara 0.05, unapata wati 0.08. Zilizobaki, wati 99 na ushei, zinapasha joto udongo na koili. Antena fupi juu ya ardhi ina upendeleo wa mara tatu upande wa upeo wa macho, kwa hiyo nguvu inayohesabika kimataifa, ile inayolinganishwa na chanzo kinachorusha sawa pande zote, ni kama robo wati.

Sheria inaangalia hiyo robo. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2007 uliwapa wanaridhaa kilohezi 135.7 hadi 137.8 kwa kikomo cha wati 1 inayorushwa kwa hesabu hiyo, na ule wa mwaka 2012 ukawapa kilohezi 472 hadi 479, wati 1 pia, na hadi 5 kwa nchi fulani zilizo mbali na mipaka iliyotajwa. Hujavunja kikomo hicho. Umejitangaza tu kana kwamba umekivunja mara mia. Leseni yako yenyewe isome, maana nchi huongeza masharti yake.

Robo wati ni 24 dBm. WSPR inapokea namba zinazoishia na 0, 3 au 7 tu, kwa hiyo andika 23.

Na yule aliyekulalamikia ana haki yake. Watu wanaolinganisha vituo huchukua ripoti wakapunguza nguvu iliyotangazwa ili waone njia yenyewe imepoteza kiasi gani. Wewe ukiandika 50 wakati ni 24, njia yako inaonekana mbovu kwa desibeli 26 kuliko ya mwenzako aliye mtaa wa pili. Wako wengine wanaoandika nguvu ya mtambo, wengine ya antena, na wengine walioweka namba siku ya kwanza wakaisahau. Kabla hujalinganisha vituo viwili vya kurusha, waulize wenyewe wameandika nini. Na ununue ampea-mita ya mawimbi uiweke chini ya antena. Ni kifaa rahisi kuliko vyote, na ndicho kinachokwambia ukweli kila mvua inapolowesha udongo na ukinzani unapobadilika.

Fundi, kuna watu kwenye mita 2200 wanatumia FST4W ya nusu saa na wanaripoti −42. Hiyo −42 ni ya namna nyingine, au ni desibeli zilezile za WSPR?
*Mkesha*

Zilezile. Zote zinapimwa dhidi ya kelele za hezi 2500, kwa hiyo −42 ni ishara dhaifu kuliko −30 kwa desibeli 12. FST4W, mfumo wa mnong'ono kama WSPR, ilikuja na toleo la 2.3 la programu ya WSJT-X, ikiwa na urefu wa sekunde 120, 300, 900 na 1800. Ya sekunde 120 inafika kama −33, na ya nusu saa kama −45. Subira inalipa.

Lakini angalia mambo mawili unapolinganisha. Ripoti ya nusu saa imelainisha vilele na mabonde yote ya nusu saa hiyo, kwa hiyo usiiweke kando ya ripoti moja ya WSPR ya dakika mbili. Iweke kando ya ripoti zote 15 za nusu saa ileile. Pili, noti za FST4W ya sekunde 1800 zimeachana kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya hezi, wakati za WSPR zimeachana kwa karibu hezi moja na nusu. Redio inayoyumba kwa nusu hezi feni inapowaka, kwa WSPR hutahisi, kwa nusu saa ya FST4W utapata ukimya na utalaumu anga. Kipokezi kifungwe kwenye saa ya GPS, au angalau kiwe na kioo cha kutunza masafa kinachodhibitiwa joto lake, na ukiwashe saa mbili kabla. Kwenye mita 630 anga yenyewe usiku huitawanya ishara kidogo, kwa hiyo hapo mimi huishia kwenye ya sekunde 300. Nusu saa naiachia mita 2200.

Sisi tulioanza na Morse ya polepole, nukta moja sekunde 60 na macho yamekodolea skrini hadi yanatoa machozi, tunaona nusu saa si kitu.

Jana saa saba mchana nimepata kituo cha umbali wa kilomita 14,000 kwenye mita 2200! −31, mara moja. Nimeshapiga picha skrini. Nitangaze?
*Nimefurahi*

Subiri kwanza. Ujumbe wa WSPR una biti 50 na hauna hata biti moja ya ukaguzi, kwa hiyo kelele zikijipanga kwa bahati, programu inaweza kutunga alama ya kituo ambacho hakipo. Tazama: gridi yake iko nchi kavu au katikati ya bahari? Inalingana na nchi ya ile alama? Kuna mwingine yeyote aliyekisikia siku hiyo kwenye bendi hiyo? Kilirudia? Mara moja, −31, mchana, njia yote jua: mimi nisingetangaza. Kikirudi usiku mara tatu kwa gridi ileile, niandikie mimi wa kwanza. FST4W ina biti 24 za ukaguzi, mizimu yake ni michache sana.

Mimi na binamu yangu tunalinganisha kama ulivyofundisha, dakika na dakika, lakini hatupati hata dakika moja tuliyosikia pamoja. Yeye ana ripoti 40, mimi 33, kituo kimoja, usiku mmoja. Halafu vituo vyenye nguvu kabisa nikiviona kwenye skrini, programu yangu mara nyingine haifumbui kitu. Mitambo yetu imelogwa?
*Ndugu wa Damu*

Nimefungua mafaili. Binamu yako ameandika kwa saa ya dunia (UTC), wewe umehamishia kwenye daftari kwa saa za Kiswahili, halafu ukaziingiza kwenye kompyuta vilevile. Saa mbili yako ya usiku imekuwa 02:00. Zigeuze zote ziwe saa ya dunia, na kuanzia leo usiandike kwa mkono. Acha programu iandike.

Hilo la pili ni saa ya kompyuta. WSPR huanza sekunde moja baada ya dakika shufwa kugonga, na saa ikikosea kwa zaidi ya sekunde mbili hivi, utaona mstari mzuri unang'aa na hutapata herufi hata moja. Kwenye faili lako kuna safu inayoonyesha kila ishara ilichelewa kiasi gani. Yako inaanza jioni na 0.3 na kufika alfajiri ni 2.1, na vituo vinapotea kimoja kimoja kadiri inavyopanda. Weka programu inayosahihisha saa kwa intaneti kila baada ya dakika chache, au kwa GPS kama intaneti haishiki. Baada ya kuzipanga saa zenu nimepata dakika 29 za pamoja. Binamu anakuzidi desibeli 4. Kabla hujakasirika, zungukia makabati.